Kwa nini yai la kuchemsha hugoma kumenyeka

Umeligonga yai, umelipasua ganda kwa uangalifu, lakini kila kipande unachobandua kinatoka na pande la ute. Yai linabaki na mashimo, nusu yake iko kwenye maganda. Wanaotuletea swali hili hujilaumu wenyewe, au hulaumu chumvi waliyosahau kutia majini. Sisi tunaoshughulika na usalama wa chakula huwajibu hivi: wepesi wa kumenya huamuliwa kabla hujaligonga yai, kwa umri wake na kwa joto la maji yaliyokutana nalo mwanzo.

Tuanze na umri. Chukua ganda tupu ulitazame kwa ndani. Utaona utando mweupe, mwembamba kama karatasi iliyolowa, umegandamana nalo. Kwa hakika ni tando mbili zilizolaliana, na tatizo lote liko hapo. Yai linapotagwa, ute wake huwa na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani, na kipimo chake cha pH (kinachoonyesha asidi au ualkali; kikipanda, ualkali umezidi) huwa kati ya 7.6 na 8 hivi. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo hewa ile huvuja siku baada ya siku, mpaka pH inapanda na kupita 9. Ute wa yai jipya ukiiva huung'ang'ania utando kuliko unavyojishika wenyewe. Wa yai lililokaa hujishika wenyewe, ukauachilia utando. Ndiyo maana mfugaji anayeokota mayai asubuhi na kuyachemsha mchana ndiye anayehangaika kuliko wote. Kwa kuchemsha, tumia mayai yaliyokaa kwenye friji wiki moja hadi siku kumi. Yale ya leo yapeleke kikaangoni.

Sasa maji. Wengi tumezoea kuweka mayai kwenye maji baridi ndipo tuwashe moto. Yai litaiva, hilo halina shaka, lakini ute hupata joto polepole, na protini zake hupata muda wa kujishikiza kwenye utando. Ukiliweka kwenye maji ambayo tayari yanatokota, ute wa nje huganda upesi na kujikusanya ndani. Kama unaweza kubadilisha jambo moja tu jikoni mwako, badilisha hilo. Hata yai jipya hupata nafuu kwa njia hii. Mvuke nao hufanya kazi vilevile: maji kidogo kwenye sufuria, mayai juu ya chujio, mfuniko juu.

Hofu ya watu ni kwamba yai la friji litapasuka likikutana na maji ya moto. Linaweza. Kwa hiyo lishushe taratibu kwa upawa, usilidondoshe, kisha punguza moto ili maji yachemke kwa utulivu, mayai yasigongane. Hesabu dakika tangu yalipoingia: 6 au 7 kwa kiini laini, 11 au 12 kwa kiini kigumu. Ukiishi nyanda za juu, ongeza dakika, kwa sababu kiwango cha mchemko wa maji hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila unapopanda mita 300.

Muda ukitimia, yahamishie kwenye maji ya barafu au maji baridi sana, yakae dakika 10 au zaidi. Baridi husimamisha uivaji. Yai lililopitiliza hufanya duara la kijani kuzunguka kiini, pale salfa ya ute inapokutana na madini ya chuma ya kiini. Halina madhara.

Kumenya kwenyewe kuanzie upande butu, kwenye chumba cha hewa. Gonga hapo, livingirishe yai mezani hadi ganda lote lipate nyufa, kisha lizamishe kwenye bakuli la maji. Kidole gumba kipite chini ya utando, maana ukibandua ganda peke yake ukauacha utando, utahangaika kipande kwa kipande. Ukiupata utando, maji huingia kati yake na ute, na ganda hutoka kwa vipande vikubwa vilivyoshikana.

Chumvi husaidia ute unaovuja kwenye ufa ugande haraka. Kwenye kumenya usiitegemee. Siki hula chokaa ya ganda. Magadi huongeza ualkali, lakini harufu ya salfa huzidi, nasi hatuoni faida ya kuharibu ladha kwa jambo linalotatuliwa na maji ya moto.

Tunalolisisitiza kuliko wepesi wa kumenya ni uhifadhi. Kuchemsha huondoa tabaka la asili linalolinda vitundu vya ganda, hivyo yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko bichi. Lisikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Ndani ya friji yenye nyuzijoto 4 au chini yake, liliwe ndani ya siku 7, na ni vizuri likae na ganda lake. Kwa wajawazito, wazee na watoto wadogo, kiini kiive kabisa, kwa sababu ya bakteria wa salmonela.

Andika tarehe kwa penseli juu ya ganda. Ukisahau, na sasa hujui lipi limeiva, lizungushe mezani: lililoiva huzunguka kwa kasi bila kuyumba, bichi husuasua na kuyumbayumba.