Sauti iliyopwelea: dhana potofu na ukweli wake

Walimu, wahubiri na makondakta wa daladala hupwelewa sauti mara kwa mara, na kila mtu huwa na dawa ya kuwashauri. Nyingi ya dawa hizo hazifiki penye tatizo.

"Asali, tangawizi au yai bichi hulainisha nyuzi za sauti."
Hazizigusi kabisa. Nyuzi hizo mbili zimo ndani ya zoloto, mlangoni pa njia ya hewa. Ukimeza, mlango hufungwa na kila kitu hushukia kwenye umio. Tone likipotea njia, unapaliwa mpaka machozi yanakutoka. Asali hutuliza koo la juu tu, na hilo si baya. Hata maji huzifikia nyuzi kwa kuzunguka mwilini kwanza, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usisubiri kugugumia glasi tatu mlangoni pa darasa. Kinachofika moja kwa moja ni kile unachovuta kwa pumzi: mvuke wa maji ya moto, dakika 5 hadi 10, bakuli likiwa mezani na watoto wakiwa mbali. Moshi wa sigara na wa kuni hupita njia hiyo hiyo.

"Ukipwelewa, nong'ona."
Wengi wakinong'ona hukaza zoloto na kujichosha zaidi. Nyamaza. Ikibidi kusema, tumia sauti yako ya kawaida, taratibu, kwa mtu aliye karibu.

"Kujikohoza husafisha koo."
Huzigonganisha nyuzi kwa nguvu. Zikivimba, ute huongezeka, nawe unajikohoza tena. Meza mate au funda la maji.

"Sauti kubwa hutoka kooni."
Nguvu yake ni pumzi. Nyuzi za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Mwalimu akisema dakika 20 tu za kipindi, tayari ni mara 240,000. Akipaza sauti kwa kukaza shingo, kila mgongano huwa mzito zaidi. Apige makofi darasa litulie, asiseme akiwa ubaoni amewapa wanafunzi mgongo, na avute pumzi kila mwisho wa sentensi. Jioni, achovye mrija sentimita 2 au 3 ndani ya glasi ya maji, avumishe "uuu" mapovu yakitoka, dakika 5. Zoezi hili hupunguza kishindo cha migongano hiyo, na ni la bure.

"Antibiotiki zitairudisha."
Mara nyingi chanzo ni virusi, nazo haziviui.

"Itarudi yenyewe."
Ya mafua, ndiyo, kwa kawaida ndani ya wiki 2. Ikipita wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo. Atapitisha kamera nyembamba puani kwa dakika chache. Vinundu kwenye nyuzi mara nyingi hupungua kwa mafunzo ya sauti bila upasuaji. Ukikohoa damu, ukipumua kwa shida au ukiota uvimbe shingoni, usingoje hizo wiki. Mvutaji sigara asichelewe hata kidogo: saratani inayoanzia kwenye nyuzi hujitangaza mapema kwa sauti kukwaruza, na ikiwahiwa hutibika vizuri.