Opera ya kwanza si L'Orfeo

Wengi husema opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ilianza 1607, mtunzi Claudio Monteverdi alipotoa L'Orfeo mjini Mantua, Italia. Sivyo. Huko Florence, Jacopo Peri alikuwa ameshaonyesha Dafne mwaka 1598, kwa mashairi ya Ottavio Rinuccini. Muziki wa Dafne karibu wote umepotea, ndiyo maana husahaulika. Iliyosalia nzima ni Euridice yake ya 1600, iliyoimbwa katika sherehe za harusi ya Maria de' Medici na Mfalme Henri IV wa Ufaransa.

Fungua nota za Euridice: sehemu kubwa ni mistari miwili tu, mwimbaji na besi, yaani sauti ya chini ya ala. Besi inashikilia noti moja, mwimbaji anakwenda kwa mwendo wa mtu anayezungumza, na wapigaji wanajazia akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) wenyewe. Mbinu hiyo Monteverdi aliikuta. Alichoongeza, na hapa anastahili sifa, ni utajiri wa ala. Nota za L'Orfeo zilizochapishwa 1609 zinataja kinubi, tarumbeta, tromboni. Hata Caronte, mvushaji wa wafu, ana kinanda chake kidogo chenye sauti ya kukwaruza.

Zote hizo zilikuwa za waalikwa. Tiketi zilianza kuuzwa 1637, katika ukumbi wa San Cassiano, Venice.