Je, wajua ni kwa nini mchezaji wa hoki ya barafu alilipwa dola 5,250 kwa msimu wa miezi miwili?

Mwishoni mwa mwaka 1909, Renfrew, mji mdogo wa Kanada ulioko katika bonde la mto Ottawa na uliofahamika zaidi kwa siagi yake, ulimsajili kijana aitwaye Fred Taylor kwa dola 5,250, ili acheze hoki ya barafu katika ligi ambayo kila timu ilipangiwa mechi 12 tu. Ukubwa wa fedha hizo unaonekana wazi zaidi zikilinganishwa na ujira mwingine wa Taylor huyohuyo. Alipojiunga na timu ya Ottawa miaka miwili kabla, alitafutiwa pia kazi ya ukarani serikalini, na mshahara wake wa kuanzia ulikuwa dola 35 kwa mwezi, sawa na dola 420 kwa mwaka. Renfrew ilimlipa zaidi ya dola 430 kwa kila mechi. Dakika 60 za kuteleza kwenye barafu zilimpa kipato kinachozidi cha karani aliyekaa mezani mwaka mzima.

Ili kuelewa sababu, inafaa kwanza kujua mchezo wenyewe ulivyokuwa. Kila timu iliingiza wachezaji saba, si sita kama ilivyo leo, na huyo wa saba, aliyeitwa rova, hakuwa na nafasi maalumu bali alizunguka uwanja mzima, akishambulia na kulinda kadiri mchezo ulivyodai. Kwa kawaida wale walioanza mechi ndio walioimaliza. Zaidi ya hayo, sheria ilikataza kumpasia mwenzako aliyekuwa mbele yako. Kile kisahani kigumu cha mpira kilipaswa kupelekwa pembeni au nyuma, au mchezaji akikokote mwenyewe kwa gongo lake mpaka langoni mwa wapinzani. Katika mchezo wa namna hiyo, mtu mmoja mwenye mbio na pumzi za kudumu dakika zote 60 aliweza kuamua matokeo karibu peke yake, na Taylor alikuwa mtu huyo. Ottawa walimpachika jina la Cyclone, yaani kimbunga, na husimuliwa kwamba aliyelitamka kwanza ni Gavana Mkuu wa Kanada, Earl Grey, alipomtazama akicheza mwaka 1908.

Lakini kipaji peke yake hakimpandishi mtu bei, kwa maana miaka michache kabla ya hapo kipaji hichohicho kilimponza. Taylor alizaliwa Tara, Ontario, mwaka 1884 na kukulia Listowel. Chama cha hoki cha Ontario kilishikilia kwa ukali kwamba mchezo ni wa ridhaa na hakuna mchezaji anayepaswa kulipwa. Hata hivyo, alipokataa wito wa kuhamia timu ya Toronto, chama hicho kilimfungia asicheze popote katika jimbo hilo. Binafsi naona adhabu hiyo ndiyo iliyomfanya mchezaji wa kulipwa kuliko tamaa yoyote ya fedha. Alikwenda Manitoba, jimbo jingine la Kanada, na mwaka 1906 akavuka mpaka hadi Houghton, mji wa migodi ya shaba katika jimbo la Michigan, Marekani, ambako timu ya Portage Lakes ilikuwa katika ligi ya kwanza kuwalipa wachezaji waziwazi. Huko alipewa dola 400 pamoja na gharama zake ili amalizie msimu. Ligi hiyo ilivunjika mwaka 1907, lakini wachezaji walikwisha kufahamu kwamba jasho lao lina thamani.

Fedha za Houghton zilitokana na shaba. Za Renfrew zilitokana na madini ya fedha. M. J. O'Brien, mkandarasi wa reli aliyekuwa na mgodi huko Cobalt, pamoja na mwanawe Ambrose, walitaka mji wao utwae Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafu. Wakati huo kombe hilo halikuwa mali ya ligi moja, bali timu iliyolishikilia iliweza kupewa changamoto na timu ya mahali pengine, hivyo hata mji mdogo ulikuwa na haki ya kuliota. Vilabu vikubwa vilipoikataa Renfrew katika ligi yao, Ambrose alishiriki kuunda ligi mpya mjini Montreal mwezi Desemba 1909, na fedha za familia hiyo ndizo pia zilizoanzisha klabu ya Montreal Canadiens, ambayo ipo mpaka leo.

Kwa kuwa mikataba mingi ilikuwa ya msimu mmoja, na barafu ya asili iliruhusu mchezo kuanzia Januari hadi Machi tu, mchezaji hodari alikuwa huru kila majira ya baridi kusikiliza dau la juu zaidi. Ndugu wawili wachezaji, Lester na Frank Patrick, nao walisajiliwa Renfrew, na watu wakaanza kuiita timu hiyo Mamilionea. Mwezi Machi 1910 iliifunga Ottawa mabao 17 kwa 2, siku ambayo Taylor anasimuliwa kufunga bao akiteleza kinyumenyume, kama alivyokuwa amejigamba. Kombe, hata hivyo, lilichukuliwa na Wanderers wa Montreal.

Wamiliki walishtushwa na gharama hizo. Msimu uliofuata waliweka kikomo cha dola 5,000 kwa mishahara ya timu nzima, kiasi kilicho chini ya alicholipwa Taylor peke yake, na baada ya msimu huo Renfrew ikajitoa. Akina Patrick walihamia pwani ya magharibi, wakajenga viwanja vya barafu ya kutengenezwa kwa mashine na kuanzisha ligi yao, na Taylor akawafuata Vancouver mwaka 1912. Huko alitwaa Kombe la Stanley mwaka 1915, baada ya timu yake kuishinda Ottawa mechi zote tatu.

Muda huo wote alikuwa pia ofisa wa uhamiaji. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa maofisa walioshughulikia meli ya Komagata Maru, iliyofika Vancouver na abiria 376 kutoka Punjab, India. Wengi wao walizuiwa melini kwa miezi miwili, kisha wakarudishwa Asia. Haifai sifa za uwanjani zitusahaulishe jambo hilo. Alistaafu hoki mwanzoni mwa miaka ya 1920, akabaki katika idara ya uhamiaji mpaka mwaka 1950.