Popi anafyata mkia: kumzoesha mtoto wa mbwa kwa mbwa wenzake

Mama mmoja wa Mbezi Beach alinipigia simu akiwa amekata tamaa. "Mwalimu, nilitaka mbwa wa ulinzi, huyu akiona mbwa mwenzake anaingia uvunguni mwa gari." Popi alikuwa na miezi minne. Nilipouliza anashinda wapi, nikapata jibu ninalolisikia karibu kila nyumba Dar: mchana bandani, usiku anafunguliwa uani. Tangu atoke kwa mama yake hajawahi kukutana na mbwa yeyote. Angejuaje kwamba hawaumi?

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, akili ya mtoto wa mbwa hupokea vitu vipya kwa urahisi. Baada ya hapo kila kigeni hutiliwa shaka kwanza. Bahati mbaya, wiki hizo ndizo za hatari ya parvo, ugonjwa mkali wa virusi unaoenea kwa kinyesi cha mbwa, na chanjo zake hurudiwa mpaka afike kama wiki 16. Kwa hiyo watu humfungia. Mimi nasema mbebe. Mpakate kwenye bajaji, kaa naye barazani, aone mbwa wanapita bila yeye kukanyaga walipojisaidia mbwa usiowajua.

Popi alishachelewa, ila hakuwa amepotea. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lami ikiwa bado haijachoma nyayo. Karibu na genge la mboga hulala mbwa koko mmoja mtulivu. Tulisimama mbali, hatua kama 40. Hapo Popi alimwona, akasimamisha masikio, lakini firigisi alikula. Tuliposogea hadi hatua 25 alijilamba pua, akapiga miayo, akageuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, na firigisi akaikataa. Wengi husubiri abweke au ajikojolee ndipo wajue anaogopa. Kukataa chakula anachokipenda kunatosha. Tukarudi nyuma.

Umbali ndio dawa yenyewe, na anayeupima ni mbwa, si wewe. Anapomwona mwenzake tu, mpe kipande; mwenzake akitoweka, vipande vinakwisha. Usigeuze mpangilio huo. Ukitangulia kumlisha kabla hajamwona, baada ya siku chache firigisi yenyewe itamtia wasiwasi, kwa sababu kila ikitoka kuna mbwa anakuja. Dakika kumi zinatosha kwa siku.

Kamba iwe imelegea. Ukiikaza, naye anakaza mwili. Na tafadhali sana, usipite naye kwenye mageti yenye mbwa wanaorukia bati wakibweka. Mikocheni kuna mitaa ambayo mimi hata kwa mbwa mkubwa huikwepa. Siku moja ya namna hiyo hula kazi ya wiki nzima.

Kuna wanaoamini kwamba ukimtupa katikati ya mbwa watano atazoea tu. Nimeletewa mbwa waliofanyiwa hivyo. Kweli walitulia, kwa kuganda, na walipokua wakaanza kuuma. Wengine wanakataza kumbembeleza eti utamfundisha woga. Woga haufundishwi kwa kubembelezwa. Akikukimbilia miguuni, mpokee.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumtafutia rafiki: jike la makamo, lenye chanjo zote, lisilo na papara. Tulitembea sambamba, wao upande ule wa barabara, sisi upande huu, bila kukutanishana uso kwa uso. Siku ya nne tulipunguza upana. Ya saba, Popi mwenyewe alivuka kwenda kumnusa kwa nyuma. Nilihesabu mpaka tatu, nikamwita, akaja.

Akizidi kuogopa licha ya haya yote, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Maumivu ya sikio au nyonga humfanya mbwa asitake kusogelewa.

Jana tulipita tena gengeni, hatua 12 kutoka kwa yule koko. Popi alimtazama, kisha akanigeukia, mkia ukicheza, akisubiri firigisi yake.