"Si Vitabu Vimeshakuja?"

Jumamosi tulikuwa msibani, tumekaa chini ya turubai tunasubiri kwenda kuzika, jirani yangu akanigeukia: "Mwalimu, nyie mnalalamika nini tena? Mtaala mpya umeshaanza, si vitabu vimeshakuja?" Swali hilo nimeulizwa kwenye bodaboda, nimeulizwa kwenye kikao cha wazazi, nimeulizwa na shemeji yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwake kila jambo duniani huisha mzigo ukishapokelewa. Msibani watu hawabishani, nikanyamaza. Basi nabishana hapa.

Kitabu si mtaala, na si hata muhtasari. Hilo tulipite haraka, ingawa ningeweza kulisemea mpaka kesho. Kinachonichoma hasa ni neno "umeanza".

Mtaala huu uliingia shule za msingi za Tanzania Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Basi. La pili, la nne na kuendelea walibaki na wa zamani. Mwaka ule nilikuwa na la tatu na la nne. Asubuhi naingia la tatu na Jiografia na Mazingira, andalio la somo lina umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji. Baada ya mapumziko naingia la nne na Maarifa ya Jamii, somo ambalo chumba cha pili limeshavunjwa: jiografia imepewa mazingira, historia imepewa maadili, na maadili yenyewe ndiyo kwanza yametalikiana na uraia. Maazimio mawili ya kazi, yaani mipango ya kufundisha ya mwaka, maandalio ya sura mbili, mwalimu yule yule, mkoba ule ule. Mwaka uliofuata mtaala ukapanda la nne, nami nikapewa la nne na la tano. Kwa hiyo mtu akiniambia umeanza, namuuliza: kwa nani?

Halafu kuna Kiingereza, ambacho hakuna anayeniuliza. Mtaala wa 2015 wa KKK ulikiondoa la kwanza na la pili, ili mtoto ajue kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Sina ugomvi na hilo. Kikawa kinaanza la tatu. Huu wa sasa umekirudisha la kwanza. Sasa piga hesabu: mtoto aliyeingia la tatu 2024 alisoma la kwanza 2022 na la pili 2023, hakukutana na Kiingereza kabisa. Aliyeingia la tatu 2025 vivyo hivyo, maana 2024 la pili lilikuwa bado la zamani. Ni makundi mawili ya watoto waliodandia gari likiwa kwenye mwendo. Wa kwanza kufika la tatu wakiwa wamepita njia nzima ya mtaala mpya ni wa 2026. Mimi nilifunga kitabu, nikaanza na "good morning" na majina ya vitu vya darasani, wiki nzima na ushee. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, alipokuja aliona niko nyuma ya azimio. Nilikuwa nyuma kweli. Sikuwa na cha kumjibu ila kumwomba amchague mtoto yeyote amsomeshe sentensi moja.

Umahiri wenyewe nauunga mkono. Zamani tuliandika "mwanafunzi aweze kutaja", akitaja tumemaliza. Sasa natakiwa nimwone akifanya, nimpime kwa vigezo. Vizuri sana. Darasa langu lina watoto 92. Kipindi ni dakika 40. Hata nisifundishe neno moja, nipime tu, kila mtoto anapata sekunde 26. Michango ilipofutwa 2016 watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia shule, na nisingependa hata mmoja arudi. Ila agizo lile la 2016 na hili la 2024 yanakutana kwenye chumba kimoja, na aliyesimama katikati yao ni mimi na chaki.

Na yale ya zamani hayaondoki mpya yakija. Waraka unaingia, sijawahi kuona ukitoka. Fomu za zamani zinajazwa, na juu yake tunajaza utendaji wetu kwenye mfumo wa mtandaoni, kwa simu zetu na bando letu.

Ndiyo maana tunaitwa wagumu wa kubadilika. Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilishatuambia elimu ya lazima itakuwa miaka kumi na la saba linaondoka. La saba likaendelea kufanya mtihani kila mwaka mpaka likaja toleo la 2023 la sera ile ile kutuambia tena. Kwa wenzetu wa sekondari, matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitolewa kwa GPA, yaani wastani wa pointi, ya 2015 yakarudi kwenye madaraja. Ukishaona hayo, agizo jipya unalipokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika noti za zamani, maana huenda zikahitajika.

Nikiri na yangu. Maandalio mengi ya mwaka ule niliyatoa kwenye kundi la WhatsApp la walimu nikabadilisha tarehe. Noti zangu za Maarifa ya Jamii nilizipenda, na sehemu ya hasira yangu ni kwamba zimekuwa takataka. Na ukinibana nikuambie kama watoto hawa wanajua zaidi ya wale wa mtaala uliopita, nitababaika. Wanaongea zaidi darasani, hilo naliona. Kusoma, sithubutu kuapa.

Yule jirani ana watoto wawili shuleni kwetu. Mdogo aliingia la tatu 2024, dada yake akaingia la nne. Mdogo, wa mtaala mpya, anamaliza la sita 2027; dada, wa mtaala wa zamani, anamaliza la saba 2027. Januari 2028, mambo yakienda kama yalivyopangwa, wote wawili kidato cha kwanza: sare mbili, madaftari mara mbili, na dawati sijui la nani. Nitamweleza arobaini ikipita.