Kivuli cha iliki si msitu: kulinda spishi Usambara Mashariki

Je, spishi hulindwa vyema zaidi kwa kufunga msitu kabisa, au kwa kumruhusu mkulima alime ndani yake kwa uangalifu? Mimi ni mwanaikolojia, na kwa milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, jibu langu halina kigugumizi: kilimo cha chini ya miti hakiziokoi spishi zilizo hatarini zaidi.

Chukua iliki. Inapenda kivuli, hivyo mkulima huacha miti mirefu na kufyeka miche yote iliyo chini. Ukiwa barabarani utaapa kwamba huo ni msitu. Lakini mti ukianguka hauna mrithi, na rutuba ikishuka shamba hugeuzwa kuwa la mazao ya juani. Wa kwanza kuumia ni ndege wa vichakani. William Newmark, aliyewafuatilia kwa miaka mingi katika vipande vya misitu ya Usambara, alionyesha kuwa vipande vidogo hupoteza ndege hawa, na wengi wao hawathubutu kuvuka hata uwazi mwembamba.

Ndiyo maana sitosheki na mkakati wa kutangaza hifadhi ndogo ndogo zilizotawanyika. Sizibezi, milima hii ina vyura na mimea isiyopatikana kwingineko duniani, na mingine imebanwa eneo dogo mno, kwa hiyo hata kipande kidogo chaweza kuwa cha lazima. Ila kipande kilichotengwa huendelea kupoteza spishi hata kikilindwa usiku na mchana.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilikusanya misitu kadhaa chini ya usimamizi mmoja. Kisha ukaja ushoroba wa Derema, wa kuiunganisha na misitu ya kaskazini. Kiikolojia naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Hata hivyo, zaidi ya wakulima 1,000 walikuwa na mazao humo, wakalazimika kuyaacha kwa fidia. Iliki huleta fedha kila msimu. Fidia hulipwa ikaisha. Gharama ya kulinda urithi wa dunia nzima iliangukia kaya za vijiji vichache, na hilo linaniuma.

Ningepewa fedha za jambo moja tu, ningezipeleka kwenye mapengo kati ya misitu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kijiji kikiacha pengo lijifunge, kilipwe kila mwaka, maadamu miche bado imesimama.