Umejiajiri: ritani ujaze kwa programu au umpe mhasibu?

Kila msimu wa ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi unayoipeleka kwa mamlaka, unapokaribia, watu waliojiajiri hutuletea swali moja kuliko mengine yote: nijaze mwenyewe kwa programu ya kodi, au nimtafute mhasibu? Wengi huliuliza kama swali la gharama tu. Programu ni nafuu, mhasibu ni ghali, mjadala umekwisha. Mimi naona gharama ni jambo la mwisho kulitazama. Nimekutana na watu wanaomlipa mhasibu mwaka hadi mwaka kwa kazi ambayo programu ingeimaliza jioni moja. Nimekutana pia na wengine, na hao ndio wanaonihuzunisha, waliokwepa ada ya mhasibu kisha wakalipa faini na riba zilizoipita ada hiyo, kwa kosa ambalo mtaalamu angelibaini kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa kwanza.

Swali la kuanzia ni hili: ugumu wa mwaka wako uko wapi? Uko kwenye kujumlisha na kutoa, au kwenye kuamua kitu fulani kihesabiwe kama nini?

Mwajiri ni wewe, mwajiriwa ni wewe

Aliyeajiriwa hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia. Kuna mtu ofisini anayekokotoa, anayekata na anayepeleka. Ukijiajiri, kazi hizo zote zinahamia kwako. Fedha za mteja zinaingia nzima kwenye akaunti, na ni rahisi kusahau kwamba fungu mojawapo ndani yake si lako. Nchi nyingi hukutaka ukadirie mapato yako na kulipa kwa awamu mwaka ukiwa bado unaendelea. Michango ya hifadhi ya jamii nayo inabadilika. Nchini Marekani, kwa mfano, aliyejiajiri hutozwa asilimia 15.3 kwa ajili ya pensheni ya taifa na Medicare, bima ya afya ya wazee, mbali na kodi ya mapato yenyewe. Aliyeajiriwa hukatwa nusu tu ya kiwango hicho kwa sababu nusu nyingine hulipwa na mwajiri wake.

Hapo ndipo hata watu waliobobea katika mambo ya fedha wamejikwaa. Mwaka 2009 Timothy Geithner alipopendekezwa kuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, ilijulikana kwamba miaka ya nyuma, akifanya kazi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, hakuwa amelipa michango hiyo kama ilivyotakiwa. Shirika hilo, kwa kuwa ni la kimataifa, haliwakati wafanyakazi wake Wamarekani michango ya hifadhi ya jamii; wao wenyewe hutakiwa kuilipa kwa utaratibu wa watu waliojiajiri. Mbele ya maseneta, Geithner alieleza kwamba alitumia programu ya kodi kuandaa ritani, akasema kosa lilikuwa lake na si la programu. Malimbikizo na riba alikuwa ameshalipa.

Ukitazama vizuri, tatizo lake halikuwa hesabu. Lilikuwa swali la yeye ni nani mbele ya sheria ya kodi: mwajiriwa, au mtu aliyejiajiri? Jibu la swali la namna hiyo likishakosewa mwanzoni, mashine hata iwe hodari kiasi gani itakokotoa kwa usahihi kitu kisichotakiwa.

Programu inachokijua

Nisieleweke kwamba ninaidharau programu. Kuhesabu inaweza, na haichoki. Inakumbuka viwango vipya vya mwaka ambavyo wewe ungelazimika kuvitafuta, inabeba hasara ya mwaka jana kuileta mwaka huu pale sheria inaporuhusu, inavuta miamala kutoka benki, inakataa kutuma fomu yenye sehemu iliyoachwa wazi. Makosa ya kalamu yaliyokuwa yakirudisha ritani nyingi zama za karatasi, kama kugeuza tarakimu au kujumlisha vibaya, karibu yote yanakwisha.

Udhaifu wake ni kwamba inakuamini. Inauliza, "Gharama za usafiri ni kiasi gani?" Ukiandika tarakimu, inaipokea. Haijui kwamba nusu ya safari hizo zilikuwa za kutoka nyumbani kwenda mahali pako pa kudumu pa kazi, ambazo katika nchi nyingi hazihesabiwi kuwa gharama ya biashara. Haijui kwamba simu unayoidai yote ndiyo hiyo hiyo wanayotumia watoto jioni, kwa hiyo ulipaswa kudai sehemu inayolingana na matumizi ya kazi pekee.

Chukua kompyuta. Umeinunua mwaka huu, utaitumia miaka kadhaa. Sheria za nchi nyingine zinakuruhusu kuitoa yote kwenye mapato ya mwaka wa ununuzi. Nyingine zinataka thamani yake igawanywe kidogo kidogo kwa miaka, ndiyo hesabu ya uchakavu. Ukiiandika mahali pake, programu itafanya mgawanyo huo bila wewe kugusa kikokotoo. Ukiitumbukiza kwenye "vifaa vya ofisi" pamoja na karatasi na wino, mara nyingi itapita kimya kimya. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kosa litakaa ndani ya ritani likisubiri mkaguzi.

Kosa jingine ninaloliona kwa wanaopata kazi kupitia majukwaa ya mtandaoni linastahili kusemwa kwa kirefu, maana linaongezeka. Jukwaa linamtoza mteja wako 100, linakata kamisheni 15, linakutumia 85. Wewe unaona 85 benki, unaandika 85 kama mauzo. Faida inabaki ile ile, kwa hiyo huoni tatizo. Lakini majukwaa mengi siku hizi hupeleka taarifa za malipo kwa mamlaka za kodi. Umoja wa Ulaya uliyalazimisha kukusanya taarifa za wauzaji wake kuanzia tarehe 1 Januari 2023, na Marekani ina fomu 1099-K, ambayo huonyesha jumla kabla ya makato. Mamlaka ikilinganisha 100 iliyoarifiwa na 85 uliyoandika, utakachopokea ni barua ya maswali. Namna sahihi ni kuandika mauzo 100, kisha kamisheni 15 kama gharama. Programu haina namna ya kuliona hili ikiwa taarifa pekee iliyopewa ni ile ya benki.

Mhasibu anachouliza

Mhasibu mzuri utamtambua kwa maswali yake. Kabla hajagusa tarakimu, atakuuliza mkataba wako na mteja mkubwa unasemaje, unafanyia wapi kazi, nani mwenye vifaa, una wateja wangapi. Anauliza hayo kwa sababu mtu mwenye mteja mmoja tu, anayepangiwa saa na kutumia vifaa vya mteja huyo, mamlaka inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa hata kama mkataba umeandikwa "mkandarasi huru". Atakuuliza kama umeuza nje ya nchi, kama kuna kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla hajakulipa, iliyokatwa huko, na kama mkataba wa nchi hizo mbili wa kuzuia utozaji kodi mara mbili unakuruhusu kuidai. Atakuuliza mauzo yako yako umbali gani na kiwango kinacholazimisha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu ukikivuka bila kujua, kodi ambayo hukuwatoza wateja unaweza kuilipa kutoka mfukoni mwako.

Ila neno "mhasibu" peke yake halitoshi kukupa usingizi. Nchini Uingereza sheria hailindi cheo cha mhasibu. Yeyote anaweza kujiita hivyo, na kinacholindwa ni cheo cha mhasibu mwenye idhini ya chama cha kitaaluma. Marekani, kila anayelipwa kuandaa ritani za shirikisho lazima awe na namba ya utambulisho iitwayo PTIN na aitie saini kazi yake, lakini kuwa na namba hiyo si ushahidi wa kusomea uhasibu. Wenye haki kamili ya kumwakilisha mteja mbele ya mamlaka ya kodi ya huko ni mawakili, wahasibu wenye leseni ya CPA na mawakala wa kodi waliosajiliwa na mamlaka yenyewe. Popote ulipo, muulize unayetaka kumpa kazi: umesajiliwa na bodi gani? Una bima ya makosa ya kitaaluma? Nikiitwa kwenye ukaguzi, utakwenda nami au utaniacha mlangoni?

Mtu anayetaka malipo yake yawe asilimia ya marejesho ya kodi utakayopata, mwache hapo hapo. Malipo ya namna hiyo yanampa sababu ya kukuza gharama zako. Vivyo hivyo anayekataa kutia saini kazi yake, anayekupa fomu tupu utie saini, au anayetaka marejesho yapitie akaunti yake. Sina upole katika hili, kwa sababu aliyebaki na barua ya mamlaka mkononi mwishoni huwa ni mteja.

Na hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Uwe umetumia programu au mhasibu, ritani ni yako. Mahakama ya Kodi ya Marekani imekataa zaidi ya mara moja utetezi wa mlipakodi anayesema programu ndiyo iliyomkosesha. Kwa upande wa wataalamu, mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Marekani dhidi ya Boyle, iliamua kwamba kumkabidhi wakili kazi ya kuwasilisha ritani hakumwondolei mtu adhabu ya kuchelewa. Kujua tarehe ya mwisho na kuifuata hakuhitaji utaalamu. Hata hivyo mahakama hiyo ilitofautisha jambo hilo na kufuata ushauri wa mtaalamu juu ya sheria yenyewe, kwamba hapo mtu wa kawaida ana haki ya kumtegemea anayejua. Mpaka huo mimi nauona wa maana sana hata nje ya Marekani: tarehe ni zako, risiti ni zako, tafsiri ya sheria ndiyo unayoweza kumnunua mtu akusaidie.

Basi nichague nini?

Ikiwa kazi yako ni ya aina moja, wateja wako wako nchi uliyomo, gharama zako ni chache na zinazojirudia, na mwaka huu umefanana na uliopita, tumia programu bila wasiwasi. Ada ya mhasibu hapo itakuwa malipo ya kuandikiwa tu.

Mwaka wa kwanza wa kujiajiri ni habari nyingine. Vilevile mwaka uliomwajiri mtu kwa mara ya kwanza, ulionunua mtambo au gari la kazi, ulioingia ubia, uliopata hasara kubwa, ulioanza kulipwa kutoka nje, au uliopokea barua ya mamlaka ambayo huielewi. Hiyo ni miaka ya maamuzi, na uamuzi mmoja wa kodi hukufuata kwa miaka kadhaa. Mlipie mtaalamu.

Kati ya hayo mawili kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: kumlipa mhasibu mara moja akuwekee msingi. Akupangie mafungu ya gharama, akuonyeshe kipi kinadaiwa chote na kipi nusu, akukague ritani ya kwanza kabla haijatumwa. Miaka inayofuata unaendesha programu mwenyewe kwa kufuata ramani hiyo, na unarudi kwake pale tu jambo jipya linapotokea. Wahasibu wengi wanakubali kulipwa kwa saa. Uliza, usione haya.

Tena katika baadhi ya nchi, hata ukimchagua mhasibu, programu huikwepi. Uingereza, kuanzia tarehe 6 Aprili 2026, watu waliojiajiri na wenye nyumba za kupangisha ambao mapato yao ghafi yanazidi pauni 50,000 kwa mwaka wanatakiwa kutunza kumbukumbu zao kwa njia ya kidijitali na kutuma muhtasari kila robo mwaka kwa kutumia programu. Kuwa na mhasibu hakumwondoi mtu kwenye sharti hilo.

Kumbukumbu zenyewe hakuna atakayekutunzia. Mhasibu anayeletewa mfuko wa risiti zilizofifia atakutoza saa za kuzipanga badala ya saa za kufikiri, na programu iliyolishwa akaunti ya benki yenye ada za shule, mboga na malipo ya wateja vikiwa vimechanganyika itakutolea faida isiyo ya kweli. Fungua akaunti tofauti ya kazi hata kama sheria haikulazimishi. Piga picha risiti siku unayoipata, kwa sababu maandishi ya risiti za mashine mara nyingi hufutika kabla muda wa kuitunza haujaisha. Uingereza, kwa mfano, aliyejiajiri hutakiwa kutunza kumbukumbu kwa angalau miaka 5 baada ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, ambayo ni tarehe 31 Januari. Na kila malipo yanapoingia, hamisha fungu la kodi kwenye akaunti usiyoigusa.

Ukiamua kumtafuta mhasibu, usimtafute wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Wakati huo wazuri wamejaa, na waliobaki na nafasi wana sababu ya kubaki nayo. Mtafute mwezi mmoja au miwili baada ya msimu kupita, ukiwa na ritani ya mwaka uliopita mkononi, umwombe aisome na akwambie angefanya nini tofauti. Mwaka wa kodi ukiwa bado mbichi, mengi kati ya atakayokwambia bado yanawezekana.